Sifa za Korongo

Mnazi una mashairi yake, mvua ina nyimbo zake, hata mbuyu umepata wa kuusimulia. Korongo halina mtu. Nazungumzia korongo la ardhini, siyo yule ndege wa miguu mirefu, ambaye maringo yake yanamtosha. Hili letu likitajwa, ni bwana shamba analalamika au ng'ombe ametumbukia. Methali nayo ililihukumu likiwa bado changa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nami nasema zipo nyufa ambazo kama zingezibwa mapema, tungebaki wajinga mpaka leo.

Tazama kwanza bidii yake. Halina jembe, halidai posho. Huanzia kwenye njia ya ng'ombe, pale kwato zilipomaliza majani na kuishindilia ardhi mpaka maji hayazami. Mvua ya kwanza huacha mfereji wa kina cha kidole. Ya pili huukuta uko tayari, ikapita humo humo. Kazi kubwa iko kichwani mwa korongo. Maji huporomoka, yakaangukia kitako cha ukuta na kukila kwa chini, huku juu udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi ukining'inia kama upenu wa nyumba. Siku moja kipande kinadondoka, nyasi zake zingali mbichi, na korongo limepanda hatua moja. Maji yanashuka, lenyewe linakwea mlima. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Lenyewe hukimwaga kibaba hicho hicho kwa haba na haba, na sijasikia likichoka.

Anayedai kwamba kubomoa si kazi aende Oldupai. Karibu miaka milioni 2 iliyopita palikuwa na ziwa pale. Volkeno za nyanda za juu za Ngorongoro zikamwaga majivu, vijito vikaleta tope, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likafunika mifupa na zana za mawe za waliokaa ufukweni. Mali yote hiyo ingelala chini ya uwanda ikikanyagwa na nyumbu. Kisha ardhi ikapasuka, bonde la Olbalbal likadidimia upande wa mashariki, na mto ulioona njia ya kushukia ukaanza kukata. Umekata kina cha mita 90 hivi, kwa urefu wa kilomita 48 hivi. Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, la miaka kama milioni 1.75, likichungulia kwenye mteremko, kwa kuwa mvua ilikwisha kulivua udongo. Korongo lilichimba, binadamu akainama kuokota. Fuvu limepata makao makumbushoni Dar es Salaam, Leakey akapata jina duniani, na korongo likaambulia jina lililokosewa: wageni waliandika Olduvai, ilhali Wamaasai husema oldupai, yaani ule mkonge pori unaoota pale.

Mkulima atasema: hayo ni ya wasomi, mimi limenila shamba. Pole yake, ila hilo neno "kula" ni la kusingizia. Korongo halina tumbo. Linachokitoa mlimani hukishusha bondeni, na huko kuna wanaokingoja. Warufiji wamepanda mpunga kwenye tope lililoachwa na mafuriko kwa vizazi vingi, na delta yao ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote katika mwambao wa Afrika Mashariki, msitu uliosimama juu ya udongo wa bara. Ukambani wamekwenda mbali zaidi: hujenga ukuta kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambamo jua haliyafikii. Wenyewe huliita bwawa la mchanga. Mchanga huo umeshushwa na nani? Tena, katika kupambana na mmomonyoko, wakulima wa huko wamekuwa wakichimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, na mtindo huo ukaitwa "fanya juu". Maneno hayo mawili ya Kiswahili sasa yamo vitabuni mwa wataalamu wa udongo wa Kizungu, wakiyatamka wanavyojua. Washairi wetu wangapi wamefika huko?

Pingamizi zito ni la kasi, na hapa wakili wa korongo lazima ateremshe sauti. Mto wa Oldupai ulipewa mamia ya maelfu ya miaka. Kondoa ililiwa ndani ya umri wa watu wachache, vilima vikabaki vyekundu na vitupu, hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Majani yakarudi. Kesi ilikuwa ya korongo, kifungo wakapewa ng'ombe, na majani yaliporudi nikaelewa hakimu alikuwa na ushahidi gani.

Kwamba korongo halina adabu ya kuacha, nakiri pia. Huko Laetoli, si mbali na Oldupai, mmomonyoko ulifunua majivu ya miaka milioni 3.6 iliyopita yenye nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi. Njia yao ndefu ilionekana mwaka 1978, na mwaka uliofuata ikabidi izikwe tena, kwa sababu mvua ile ile iliyofunua ingeendelea kufunua mpaka pasibaki kitu. Kifuniko nacho kilikuwa na mbegu za migunga ndani yake. Zikaota, mizizi ikateremka kuzifuata nyayo, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walirudi kuiua miti hiyo, wakafukua na kufukia upya. Mchanga wa kufukia waliuzoa mtoni, ambako maji yalikuwa yameshawashushia.