Fadhila za Mbung'o

Washairi wamekwisha kumsifu simba kwa ushujaa, tausi kwa mapambo na nyuki kwa bidii, hata viumbe hao, lau wangaliweza kusoma, wangalitakabari. Lakini mbung'o, ambaye tangu zama amelilinda bonde la Mto Katuma huko Katavi bila mshahara, bila bunduki wala likizo, hajapata hata ubeti mmoja, ila laana na dawa ya kupulizia. Insafu haikubali dhulma hiyo.

Msafiri atakaye kupiga hema katika bonde hilo hutoka Mpanda, akapita Sitalike ambako viboko hujilundika mtoni karibu na daraja, akazama msituni mpaka kwenye kambi ndogo ya ukingoni isiyo na duka wala jirani. Na kabla hajaona tembo wala askari wa hifadhi, mwenyeji amekwisha kumlaki. Mbung'o huvutwa na kila kiendacho, kwa hiyo huliandama gari kwa shauku, akaingia dirishani bila tikiti, akamchagua abiria aliyevaa buluu au nyeusi, rangi azipendazo mno hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa hivyo. Hutua kifundoni kimya, mbawa zimepandana kama visu vya mkasi, akapenyeza mrija wake katika soksi, na tumbo lililokuwa bapa likavimba, jekundu, mbele ya macho yako. Ukimpiga kofi huanguka chali, ukadhani kazi imekwisha. Naye hujigeuza, akatikisa mbawa, akarudi kumalizia. Mume na mke wote hunywa damu, tofauti na mbu, ambao waume wamewaachia wake zao taabu yote ya kuuma watu. Jua likizama, aghalabu hustaafu kwa adabu, akawakabidhi mbu hao zamu ya usiku.

Lakini hayo ni madogo mbele ya ulinzi wake. Katika miaka ya 1890, huko Zululand, David Bruce alibainisha kwamba mbung'o ndiye abebaye vijidudu vya nagana viuavyo ng'ombe, jambo ambalo wafugaji walikwisha kulijua kwa kuhesabu mizoga. Na kwa kuwa nyati na pofu huishi na vijidudu hivyo pasipo dhiki kubwa, bonde likawabakia wao. Katavi ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, serikali ilipiga mhuri tu juu ya amri iliyokwisha kupitishwa na mdudu. Kweli, kabla ya hapo, kwa hofu ya malale, ugonjwa ambao mdudu huyo huyo huwaambukiza watu, watawala wa kikoloni waliwahamisha wakazi wengi wa misitu ya magharibi wakawakusanya katika vijiji vipya, na sidhani kama waliulizwa rai yao. Msifu mwerevu hupita hapo upesi.

Na murua wa mke wake! Huzaa mtoto mmoja kwa mara, akamlea tumboni kwa maziwa, na kwa kawaida huolewa mara moja maishani. Staha hiyo ndiyo iliyowaangamiza jamaa zake wa Unguja: wataalamu waliwafuga mbung'o Tanga, wakawahasi waume kwa mionzi, wakawamwaga kisiwani kwa ndege, na kila bibi aliyeposwa na bwana wa namna hiyo akabaki mwaminifu na tasa, hata mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Wafugaji wa Unguja walishukuru. Mimi, kwa wadhifa wangu, natoa mkono wa taazia.

Wala ukarimu wake haukomi langoni. Mgeni akivunja kambi, mbung'o humsindikiza garini mwendo mrefu, akaishinda hata desturi yetu ya pwani ya kumtoa mgeni hadi njia panda. Na zamani serikali ililazimika kuweka vizuizi barabarani, penye watumishi walioshika nyavu ndogo, ambao kazi yao mchana kutwa ilikuwa kumsihi mwenyeji huyu ashuke, arudi kwao.