Jemedari wa Ngarenaro

Kuna kijana wa kibanda cha gemu, Ngarenaro, mwenye rekodi chafu kuliko jambazi yeyote wa Arusha. Kabla ya adhuhuri keshapora magari, keshagonga askari, na bibi wa watu kamrudia kwa rivasi maana kaona bado anatikisika. Benchi zima linashangilia. Mwenye kibanda anadai hela ya raundi nyingine. Jioni mama yake akimkabidhi jogoo na kisu, jemedari anapauka: “Mama, si umwite Mangi wa dukani? Mimi damu siiwezi.”

Wazee wa mtaa wanasema gemu zinafundisha kuua. Shule gani hiyo, mhitimu wake anashindwa na jogoo?

Hofu yenyewe si ya kwetu tu. Desemba 1993 maseneta wa Marekani walikaa kitako kujadili hatari ya Mortal Kombat. Agosti ya mwaka huohuo, hapahapa Arusha, Warwanda walikuwa wametia saini mkataba wa amani. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza, na mapanga yale hayakuwa ya kwenye skrini. Kesi za mauaji hayo zikaja kusikilizwa pale AICC, kituo cha mikutano cha hapahapa mjini, na mwaka 2003 mahakama ikawatia hatiani vigogo wa redio ya RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Redio na gazeti, jamani.

Mzee mmoja bado anataka kibanda kifungwe. Ilibidi aseme mara mbili, redio yake ilikuwa juu mno.