Jinsi ya Kuivika Upya Ndege Kuukuu Bila Kutoka Kasese

Tuseme umepata ndege. Ulivyoipata ni shauri lako na ukoo wako. Ni Cessna 180, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1953, na sasa imeegeshwa chini ya turubai mahali fulani Kasese, ikisubiri uamuzi wako au mvua, chochote kitakachotangulia. Mabawa yapo. Injini ipo. Pangaboi lipo na limeshapigwa msasa na kila mtoto aliyepita. Msiba uko ndani: dari haipo, vibao vya milangoni havipo, viti vimebaki fremu, na dashibodi ina matundu mengi kuliko saa. Kisahani cha majivu ya sigara nacho kimepotea, na kwa sababu zisizoeleweka hicho ndicho kinachokunyima usingizi.

Marafiki zako wa mjini watakuambia uagize kila kitu Marekani. Wasikilize kwa adabu, kisha panda taksi ya Bwera.

Kaa kiti cha nyuma, katikati, uone vizuri. Kitambaa cha dari kilishaanguka na kushonwa tena kwa mkono. Kishikio cha mlango si cha gari hili, na huenda si cha gari lolote. Sponji ya kiti ilitoka kwenye godoro la mtu. Mpaka mnafika Kikorongo mnakokata kona kuelekea mpakani, utakuwa umekaa ndani ya somo zima la kufufua sehemu za ndani zilizopotea, na dereva hajui kwamba huko ng'ambo kuna watu wanaoifanya kazi hiyo wikendi, wakapiga picha, wakajiita wahifadhi wa urithi. Yeye aliifanya Jumatatu usiku ili Jumanne apate abiria.

Ukisharudi, anza na takataka. Mgeni katika kazi hii hufagia ndege siku ya kwanza, akamwaga nje vipande vya kadibodi vilivyooza, vitambaa vyenye harufu ya panya na vibanzi vya plastiki. Huyo amechoma ramani yake mwenyewe. Kibao cha mlango kilicholiwa nusu na mchwa bado kina ukingo mmoja mzima na matundu ya skrubu. Kilaze juu ya boksi la sabuni, kizungushie kalamu, kata. Upande wa kushoto haupo kabisa? Geuza wa kulia uwe kinyume chake. Ila pima kwanza kwenye mlango wenyewe, maana ndege iliyowahi kujigonga chini mara nyingi ina upande mmoja ulionyooshwa kwa nyundo, na upande huo hauna pacha popote duniani.

Kama hakuna hata kibanzi, tafuta picha. Mtu fulani, mwaka fulani, alipiga picha ndani ya ndege kama yako. Hapa kuna ujanja ambao ningeutoza ada kama ningekuwa na chuo. Tundu la kawaida la saa kubwa kwenye dashibodi ya ndege ndogo lina upana wa inchi tatu na moja ya nane, yaani milimita 79 na kidogo. Kwa hiyo kila picha ya dashibodi imebeba rula yake. Ikiwa kwenye picha tundu hilo lina milimita 8, na mfuniko wa kijisanduku cha ramani una milimita 24, basi mfuniko wenyewe ni mara tatu ya tundu: karibu sentimita 24. Hesabu ya darasa la tano. Ila usiitumie kupimia kilicho mbele au nyuma ya dashibodi, kwa sababu kilicho mbali na kamera husinyaa na kilicho karibu huvimba, nawe utajikuta na kiti cha jitu.

Sasa kitambaa. Nenda Mpondwe siku ya soko, ushuke mpaka karibu na mto Lhubiriha, mahali watu na mizigo wanapovuka kwenda Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na kurudi. Utaona vitenge. Utaona kimoja chenye korongo wa dhahabu kwenye bahari ya zambarau, na moyo wako utakwambia: hiki kwenye dari. Muuzaji atakikunjua mbele yako mita baada ya mita, naye hana kosa. Nunua, mpelekee mama mkwe. Kwenye ndege usikiweke. Cessna yako ilivaa rangi za benki: kijivu, kahawia, krimu. Aliyetaka furaha alitazama nje.

Kuna sababu nyingine, na hapa nitaacha mzaha kwa aya moja. Kata ukanda wa kitambaa, upana wa vidole viwili, urefu wa kiganja. Ushike kwa koleo, uning'inie wima, uwashe chini, kisha uondoe moto. Sufu halisi huungua kwa uvivu, ikafanya jivu, na mara nyingi hujizima yenyewe. Pamba ya kitenge hupanda moto mpaka kwenye vidole vyako. Nailoni na polista huyeyuka na kudondosha matone yanayonata kwenye ngozi. Sponji ya godoro ndiyo mbaya kuliko zote: huwaka haraka, na moshi wake unaweza kukumaliza kabla ya moto wenyewe. Fanya jaribio hili nje, na ndoo ya mchanga karibu, na ulifanye hata mbele ya muuzaji anayekuapia kwamba mali yake haishiki moto. Jaribio hili halimalizi kazi. Kitambaa cha ndege kinatakiwa kuwa na karatasi ya maabara. Linakuokoa tu na ujinga wa mwanzo.

Anayedhani natia chumvi akumbuke yaliyotokea Uganda hiihii Januari 1954. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa akitembezwa na rubani Roy Marsh kwa Cessna 180, aina hiyohiyo unayoishonea mapazia. Karibu na maporomoko ya Murchison wakagonga waya wa zamani wa simu, wakaanguka, wakatoka hai. Kesho yake wakapanda ndege nyingine, de Havilland Rapide, pale Butiaba. Ikashika moto ikiwa inaondoka. Mlango ukakwama, na bwana mkubwa akaufungua kwa kuugonga kwa kichwa. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobeli, na majeraha yakamzuia kwenda Stockholm kuipokea. Kwa hiyo, kabla ya kisahani cha majivu, tengeneza kitasa cha mlango. Kifungue mara nyingi, ndani na nje, ukiwa umefunga mkanda, ukiwa umefumba macho. Kichwa chako kina kazi nyingine.

Viti vinahitaji fundi, na fundi mzuri utamkuta anavika viti vya bodaboda kando ya barabara, mdomo umejaa misumari midogo. Mpe magamba ya viti uliyoyaokoa kwenye takataka, hata kama yamechanika. Mtazame anavyofanya: hakati kwa kukisia. Anafumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, anavilaza vipande juu ya meza, anavipiga pasi, halafu kwenye kila ukingo anatia alama za chaki zinazokutana, ili kipande cha mgongo kijue jirani yake ni nani. Hapo tu ndipo anapovilaza juu ya kitambaa kipya. Ukimkuta anayefumua namna hiyo, mlipe kabla hajaomba.

Tatizo litakuja baadaye, na si la ufundi.

"Mzee, nikutilie paipingi nyekundu hapa pembeni?"

"Hapana, fundi. Rudisha ileile ya kahawia."

"Ya kahawia ilikuwa mbaya."

"Ndiyo ninayoitaka."

Atakutazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia mgonjwa akikataa dawa. Siku ya kuchukua viti, kagua chini ya mto: kuna mahali atakuwa ameshona nyota nyekundu, ndogo, ili dunia ijue alikuwa na uwezo. Iache.

Kitu kimoja usimpe fundi wa bodaboda, nacho ni reli ambazo kiti kinatelezea na pini zinazokikaza. Kiti cha Cessna kikiachia wakati ndege inanyanyuka, rubani hurudi nyuma ameshika usukani, na pua ya ndege humfuata juu. Watu wamekufa hivyo, na mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa agizo kwamba reli hizo ziwe zinakaguliwa kila mara: matundu yaliyopanuka, pini zilizolika, nyufa. Reli ikiwa imechakaa, nunua mpya yenye karatasi zake. Hapo hakuna ubunifu wa mitaa, wala hakuna utani wangu.

Vitasa vya dashibodi ni starehe. Vingi vya wakati ule vilikuwa vya bakelaiti, ile plastiki nyeusi ngumu isiyoyeyuka. Na Kasese ina bahati ya umri: reli ya treni ilifika hapa mwaka 1956, mwaka uleule shaba ya Kilembe ilipoanza kusafirishwa, kwa hiyo mji na ndege yako ni watu wa rika moja. Zungumza na wazee wa Kilembe waliobaki na makorokoro ya enzi za mgodi, swichi na redio mbovu. Usipopata, mkereza mbao atakutolea kitasa kwenye kipande cha mti mgumu, ukipake rangi nyeusi tabaka juu ya tabaka, usugue kwa msasa wa maji, na hakuna mtu atakayejua isipokuwa atakayekigonga kwa ukucha. Watu wa ndege kuukuu hugonga kwa ukucha. Jiandae.

Dari ishonwe kama ilivyokuwa: kitambaa kina mifuko myembamba upande wa juu, ndani ya kila mfuko unapita upinde wa waya mnene, na ncha za upinde zinakaa kwenye kuta. Panga pinde zote kabla hujavuta popote, kisha nyoosha kidogo kidogo kulia na kushoto. Anayevuta upande mmoja mpaka mwisho atapata mikunjo ambayo atalala akiitazama.

Spika utazitaka. Dereva wa taksi anazo, kwa nini wewe usiwe nazo? Kwa sababu spika ni sumaku, na dira yako iko juu ya dashibodi hapo hapo, ikisubiri kudanganywa. Hata skrubu za chuma mahali palipokuwa na za shaba huisogeza sindano. Ukiwa Kasese, dira inayodanganya si jambo dogo: upande mmoja una tambarare yenye jua, upande mwingine una Rwenzori, mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita, na milima hiyo hupenda kujifunika mawingu.

Vibao vya maandishi vitengeneze mwisho. Ndege iliyosajiliwa Uganda kabla ya uhuru ilianza na VP-U; leo ni 5X. Andika ya zamani mahali pa mapambo na ya sasa mahali pa sheria, usichanganye.

Halafu karatasi. Sheria za Marekani humruhusu mwenye ndege kutengeneza kipuri cha ndege yake, mradi ashiriki kweli katika kukichora au kukisimamia, na kipuri kiwe sawa na cha asili. Hapa mwenye neno ni mamlaka ya usafiri wa anga, UCAA, na mahali pa kuanzia ni kwa injinia wa ndege mwenye leseni. Mwite kabla hujashona, aone kitambaa, aone michoro ya boksi la sabuni, aandike kwenye daftari la ndege. Atataka ipimwe uzito upya. Usinung'unike: sponji nene, kapeti zito na mbao za mvule ulizoona zinapendeza vyote huingia kwenye mizani, na uwanja wa Kasese uko karibu mita 1,000 juu ya bahari, kwenye joto ambalo hewa yake haibebi vizuri.

Siku ndege itakapokuwa tayari, milango wazi, viti vya kahawia vinanukia gundi, watu watakuja kutazama. Miongoni mwao atakuwa dereva wa taksi ya Bwera. Ataingiza kichwa, atagusa dari, atabonyeza sponji, atakiri kwamba kazi ni safi. Kisha ataangalia kiti cha nyuma na kuuliza kinabeba watu wangapi. Mwambie wawili. Atakipima kwa macho mara ya pili.

"Hapo wanakaa wanne," atasema. "Na mtoto."

Mwonyeshe karatasi ya uzito. Ataisoma yote, kwa makini, halafu atakuuliza nauli ya mpaka Entebbe itakuwa kiasi gani.