Mteja Unayempigia Ameridhika

Magazeti hayachoki na habari hii: kampuni ya simu imefanya utafiti, wateja karibu wote wameridhika na mtandao. Waliulizwaje? Kwa kupigiwa simu! Basi yule wa vijiji vya ndani Kisarawe, anayekwea mkorosho kutafuta mtandao, hakupatikana. Na asiyepatikana hana malalamiko. Aliyejibu yuko Maili Moja, Kibaha, chini ya mnara, tena kaahidiwa vocha.

Utafiti wa kumpendeza anayelipa si mambo ya kwetu tu. Mwaka 1965 wenye viwanda vya sukari wa Marekani waliwalipa wataalamu wa Harvard. 1967 makala ikatoka, lawama za maradhi ya moyo yakabebeshwa mafuta. Malipo yakafichuka 2016.

Mhariri wa gazeti letu naye? Utafiti ukurasa wa tatu, tangazo la kampuni ileile ya simu ukurasa wa nne. Idadi ya walioulizwa ilikosa nafasi.