Yakuti za Mama Mkwe

Jana mama mkwe alikataa mkono wangu mbele ya wageni. Nimeinama, "Shikamoo mama," nimenyoosha mkono. Akautazama, akauficha wake ndani ya kanga, marahaba ikaja kwa mbali. Kiganja kilikuwa cheusi hadi kwenye kucha. Nilishanawa kwa sabuni ya unga, ndimu na mchanga, lakini weusi haukutoka, ulisambaa tu mpaka kwenye kanzu.

Nilikuwa nimetoka kusugua rimu za gari kwa Brasso. Ni alumini tupu, hazina vanishi. Na hapa mnivumilie kidogo, maana jambo lenyewe ni la ajabu. Alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi, mwembamba hata jicho haliuoni. Asili ya utando huo ni moja na ya yakuti, hizo hizo zinazochimbwa Bonde la Umba, hapa hapa mkoani Tanga. Ukisugua, unaukwangua pamoja na chembe za metali, na chembe zikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyeusi tii. Basi unangoja kitambaa kitoke cheupe ndipo uache, nacho hakitoki cheupe ng'o, kwa sababu kila ukikwangua, utando mwingine unaota. Kwa hesabu hiyo nilimpelekea mama mkwe vumbi la yakuti, akalikataa.

Aliyenifikisha kwenye Brasso ni kijana wa kuosha magari. Alipuliza povu la kuondolea grisi, lenye kostiki soda. Kostiki hula utando, kisha hula alumini yenyewe, ikitoa viputo vya haidrojeni. Yeye akashangilia: "Ona uchafu unavyotoka, bosi!" Uchafu gani? Ilikuwa rimu yangu inaondoka. Rimu zilipokauka zikabaki na mabaka meupe, nami nikadaiwa nyongeza ya "povu maalumu".

Nililipa, nikaona vidole vyake: vimechubuka, havina glavu, na dumu la povu halina hata lebo. Mwenye eneo anakaa kivulini kuhesabu pesa. Hilo halinichekeshi hata kidogo.

Nikajaribu nta, vumbi likanata. Upepo wa bahari nao ukaleta chumvi, ikatoboa vishimo.

Rimu nauza, zote nne, inchi 15. Mnunuzi awe wa mbali na bahari, Dodoma kwa mfano, na aje na glavu zake.