Weka LSD Kwenye DX Yako, Nyundo Iache Nyumbani

Kila mwenye Toyota Corolla KE70, gari ambalo Kenya nzima hulijua kwa jina la DX, anajua mvua ya Aprili humfanyia nini. Umeacha lami, umeingia barabara ya udongo mweusi, na ghafla gurudumu la nyuma la kushoto linachimba kisima huku la kulia limetulia kama mgeni anayesubiri chai. Hapo ndipo washauri hujitokeza. Wa kwanza atasema injini haina nguvu, tafuta 5K. Wa pili atalaumu matairi. Wa tatu atakuhimiza ukanyage zaidi, na ukimsikiliza utalala papo hapo. Injini haina hatia. Kinachokukwamisha ni difu, na difu yenyewe inafanya kazi iliyoundiwa.

Difu ya kawaida huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni mpangilio huo wa gia mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Ni kazi safi, ila ina kasoro moja: nguvu ya kuzungusha inagawanywa sawasawa kila wakati. Gurudumu lililo kwenye tope likiweza kupokea kidogo tu kabla ya kuteleza, lenzake lililo pakavu nalo hupewa kidogo hicho hicho. Ndiyo maana mguu mzito hausaidii.

Wala si shida ya maskini peke yao. Magari ya mashindano ya Auto Union yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche yalikuwa na nguvu nyingi hivi kwamba gurudumu moja la nyuma lilikuwa likizunguka ovyo hata gari likiwa kwenye mwendo mkali. Mwaka 1935 kampuni ya ZF ilipewa kazi ya kuunda difu ya kulitiisha. Hiyo ndiyo LSD, difu inayozuia gurudumu moja kukimbia peke yake, na mwaka 1956 Studebaker ya Marekani ikaanza kuiuza kwa madereva wa kawaida. Kwa hiyo atakayekucheka kwamba unapamba gari kuukuu, mjibu kwamba unatibu ugonjwa uliowasumbua wakubwa. Na atakayekuambia uiuze DX ununue Subaru, mkumbushe kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun Violet iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Kabla hatujashika spana, tumwondoe njiani fundi wa kuchomelea. Huyu hakosekani. Atakuambia LSD ni kupoteza pesa, kwamba yeye atachomelea zile gia ndogo za ndani ya difu na jioni utakuwa barabarani. Mshukuru, funga boneti, ondoka. Difu iliyochomelewa huyalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka sawa siku zote. Kila ukikata kona tairi moja linaburutwa, ekseli zinajinyonga, na chuma cha gia kilichokazwa kiwandani hupasuka pale kilipochomewa. Kipande kikikatika kinaangukia kati ya kraun, ile gia kubwa ya difu, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na hapo difu nzima hujifunga gari likiwa kwenye mwendo. Uwanjani, gari la kuzungusha vumbi likivutwa nyumbani kwa kamba, ni sawa. Gari linalompeleka mama yako kanisani halistahili difu ya kuchomelea.

Sasa chagua. LSD ya diski ina sahani nyembamba zilizopangana kila upande. Ukitoa moto, mhimili wa gia za ndani husukuma pete mbili zitanuke, pete zinabana sahani, na ekseli zote mbili zinashikamana na mwili wa difu. Hii ndiyo ya tope, na ndiyo inayopendwa kwenye mashindano, ila sahani huisha na siku moja zitadai zibadilishwe. Ya gia tupu, jamii ya Torsen aliyoibuni Mmarekani Vernon Gleasman, haina sahani za kuisha na mjini huendesha kwa upole, lakini gurudumu moja likining'inia hewani kabisa husaidia kidogo sana mpaka uguse breki. Ya tatu hutumia mafuta mazito ya silikoni; hayo huchoka kwa umri, na difu hizo zilizotumika zina umri mkubwa. Usizinunue.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta mali ya ex-Japan, utaambiwa "hii inaingia DX moja kwa moja." Neno hilo lisikufungue pochi. Beba ekseli yako mkononi. Hesabu meno ya ncha yake, kisha uiingize kwenye hiyo LSD uone kama inakaa. Pima kipenyo cha kraun na mahali pa beringi. Difu ya Corolla AE86 hutajwa kila mara kwa sababu magari hayo ni ndugu, lakini KE70 nyingi zilitoka na difu ndogo zaidi, na mara nyingi ndugu huyo atakulazimisha kubadilisha nyumba nzima ya difu pamoja na ekseli zake. Si dhambi, ila ijue bei yake kabla hujalipa. Bamba la gari ndani ya boneti lina mstari wa ekseli; herufi na tarakimu zake hueleza ukubwa wa gia, uwiano, na aina ya difu iliyotoka nayo kiwandani. Lisome.

Hesabu pia meno ya gia. Kraun yenye meno 43 na pinioni yenye 10 ni uwiano wa 4.3, meno 43 kwa 11 ni karibu 3.9. Ukihama kutoka 3.9 kwenda 4.3 gari litaondoka kwa wepesi, injini itazunguka asilimia 10 zaidi kwa mwendo ule ule, na spidomita, kwa kuwa huchukua hesabu yake kwenye giaboksi, itakudanganya kwa kiasi hicho hicho. Kraun na pinioni ni mke na mume waliozoeana. Usichukue kraun ya huku na pinioni ya kule.

LSD ya diski ijaribiwe kaunta pale pale. Shikilia ekseli ya upande mmoja, zungusha wa pili kwa spana ya kupimia mkazo. Ikizunguka kwa vidole, sahani zimekwisha. Muuzaji akikukataza usipime, ameshakujibu.

Kushusha difu hakuhitaji hotuba ndefu. Gari likae kwenye stendi imara, si jeki pekee na si matofali. Mwaga oili, toa ngoma za breki, pitisha soketi kwenye tundu la flenji ya ekseli ufungue nati nne za nyuma yake. Ekseli ikigoma, geuza ngoma ya breki, ishike kwa nati za gurudumu zikiwa legevu, kisha ivute kwa mishtuo. Itatoka yenyewe, na hapa ndipo mwenye nyundo anapaswa kuzuiwa. Weka alama kwenye flenji ya propela kabla ya kuifungua ili irudi ilivyokuwa. Kichwa cha difu ni kizito kuliko kinavyoonekana. Wakibebe watu wawili.

Kazi yenyewe iko mezani, na mezani ndipo watu hukimbilia chai. Safisha meza, fukuza vumbi, fukuza watazamaji. Piga alama kofia za beringi, ya kushoto na ya kulia, kwa sababu zilichongwa zikiwa mahali pake na hazibadilishani. Toa mwili wa difu ya zamani, fungua kraun. Kraun hairudishwi kwa kugongwa. Ichemshe kwenye maji mpaka ikaribie nyuzi 100 za Selsiasi, itoe kwa koleo, acha unyevu ukauke kwa sekunde chache, kisha iketishe juu ya LSD. Chuma kimetanuka, kwa hiyo inashuka kwa mkono bila kelele, na ikipoa inashika. Tazama jinsi inavyokaa wima bila kuegemea upande wowote. Nyundo haijawahi kufanya hivyo. Funga bolti kwa mkingamo, kidogo kidogo, hadi mkazo wa kitabu, ambao kwa difu nyingi za Toyota za aina hii ni Nm 97, kisha kunja vibati vya kuzuia bolti zisilegee.

Rudisha mwili ndani, kaza nati za pembeni za kurekebishia, halafu pima mwanya kati ya meno ya kraun na pinioni kwa saa ya kupimia iliyosimamishwa juu ya jino. Vitabu vya Toyota hutaka mm 0.13 hadi 0.18. Karatasi ya kuchapishia ina unene wa karibu mm 0.1, kwa hiyo jicho halina kauli hapa, wala sikio la fundi mwenye miaka thelathini kazini. Ukilegeza nati ya upande huu, kaza ya upande ule kwa kiasi kile kile, ili beringi zisipoteze mkazo wake. Pima sehemu kadhaa za kraun, si moja. Mwisho paka meno machache rangi ya kupimia, zungusha kwa mkono mbele na nyuma, uangalie alama inakaa wapi. Inatakiwa katikati ya jino. Ikikaa kwenye ncha au kwenye shina, kina cha pinioni hakiko sawa, na itabidi ufungue tena uweke shimu nyingine. Fungua. Difu inayolia wiki ya kwanza haitanyamaza wiki ya pili.

Weka sili mpya za ekseli. Oili iwe GL-5 iliyoandikwa kwamba inafaa LSD, la sivyo sahani zitashikana na kuachana kwa mtetemo kila ukikata kona polepole. Ya gia tupu haidai kiongezeo hicho. Jaza mpaka ifike kwenye tundu.

Difu ya diski ifundishwe kazi. Tafuta uwanja mtupu, endesha taratibu ukichora tarakimu nane, kulia na kushoto, sahani zizoeane. Kuanzia siku hiyo matairi ya nyuma yawe ya ukubwa mmoja na yaliyochakaa sawa, na spea ya ukubwa tofauti isikae nyuma zaidi ya safari ya kufika gereji. Mwonye pia kila atakayegusa gari: kuinua gurudumu moja la nyuma na kutia gia injini ikiwaka kutairusha DX kutoka kwenye jeki, kwa kuwa gurudumu lililo chini sasa linapata nguvu.

Na kuna mvua. Difu ya zamani ilipoteleza, gurudumu moja lilizunguka na la pili likaendelea kuushika mkia wa gari. Sasa yote mawili yanaweza kuteleza pamoja, na kwenye mzunguko wenye lami iliyolowa mkia utakupita kabla hujapumua. Toa moto baada ya usukani kunyooka. Mpe kijana wako funguo baada ya kumwonyesha hili kwa macho, mahali pasipo na ukuta wala watu.

Baada ya kilomita mia chache mwaga oili ile ya kwanza na uitazame sumaku ya kizibo. Uji wa kijivu ni vumbi la sahani, ufute. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, usijaze oili mpya. Shusha kichwa cha difu tena, uanze na zile kofia za beringi.