Kesi ya Kompyuta ya Sebuleni

Kijana wetu alihukumiwa sebuleni, mbele ya wageni, kwa kosa la kompyuta. Ilikuwa likizo ya Juni. Wazee wa upande wa pili walikuja kumposa wifi yangu, na baada ya pilau mume wangu akamwagiza kijana aunganishe kompyuta na televisheni, wageni waone video ya harusi ya kaka mkubwa wa mume wangu. Bwana harusi hajafika hata kukaa mbele ya shehe, pembeni mwa kioo pakachomoza dirisha: mwanamke aliyevaa nusu nguo anazungusha gurudumu la kamari, na chini yake maandishi mekundu kwamba kompyuta imeingiwa na virusi. Kijana akalifunga. Likaja jingine, na hili mwanamke wake hakuwa na hata hiyo nusu ya nguo. Akachomoa waya.

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaomba maji ambayo yalikuwa mbele yake.

Mume wangu hakungoja wageni waondoke. "Haya ndiyo unayoyatafuta usiku, siyo?" akamwambia mtoto. "Matangazo hayaji hivi hivi. Yanamfuata mtu kwa tabia yake." Kijana wa kidato cha tatu, umri wake miaka kumi na sita, akainamia zulia asijibu neno. Aliyemjibia ni mama mkwe, tena kwa sauti iliyofika jikoni: "Mume wangu hana tabia hizo. Huyu nimemlea kwa mikono yangu." Posa haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini kuanzia jioni ile mtoto akawa anakula chumbani kwake, na baba yake akawa anaulizia habari zake kupitia kwangu.

Alichokisema mume wangu wengi wanakiamini, na nusu yake ni kweli. Kampuni za matangazo hufuatilia mtu anachokitafuta. Ukiulizia bei ya friji leo, kesho friji zitakuandama kila ukurasa utakaoufungua. Lakini kuna matangazo ya namna nyingine, yanayotoka ndani ya kompyuta yenyewe kwa kazi ya programu iliyojipachika humo. Hiyo haihitaji kujua nani amekaa kwenye kiti. Itamwonyesha yeyote chochote chenye malipo mazuri, na kamari na picha za uchi zina malipo mazuri. Imamu akikaa pale, ataonyeshwa hayo hayo. Kesi nzima ilikuwa kwenye tofauti hiyo, na siku ile sebuleni kwetu hapakuwa na wa kuieleza.

Kesho yake akaitwa fundi. Ni kijana mstaarabu, aliitazama kwa muda mfupi akasema, "Mama, hii tunapiga Windows tu, jioni unaipata safi." Nikakataa. Mume wangu alidhani naogopea picha za marehemu baba yake na mahesabu ya cherehani za wifi, vitu ambavyo vingeweza kunakiliwa kwenye flashi vyote. Sikuogopea hivyo. Kupiga Windows upya ni kufuta kila kilichomo, na ushahidi nao ulikuwa humo humo. Kompyuta ingepona, mtoto angebaki na hatia yake maisha, kila mtu akikumbuka kwamba uchafu ulitoka baada ya yeye kunyang'anywa mashine.

Mimi ni mhasibu, na hesabu zikigoma naanza na tarehe. Baada ya isha nikamwita kijana akae karibu yangu, nikakata intaneti, nikafungua orodha ya programu zote zilizomo na kuipanga kwa tarehe ya kusakinishwa. Nyingi zilikuwa za siku ile ile tuliyoinunua. Kisha mwezi Machi, siku moja, zikawa zimeingia kwa pamoja: programu ya kubadilisha faili za PDF, nyingine iliyojiita msaidizi wa bei, upau wa kutafutia mambo mtandaoni, na kitu kilichojitangaza kuwa kisafishaji cha kompyuta. Machi kijana yuko bweni. Alikwenda Januari shule zilipofunguliwa, na likizo fupi ya Aprili ilikuwa haijafika.

Zilivyoingia pamoja si ajabu ukijua biashara yenyewe. Mwenye programu ya bure naye anataka kula, kwa hiyo hufungasha bidhaa za wengine ndani ya kisakinishi chake na kulipwa kwa kila kompyuta iliyozipokea. Wewe unataka kubadilisha PDF. Unabonyeza endelea, endelea, endelea. Kwenye ukurasa mmojawapo katikati, vijisanduku vya kukubali vimeshawekwa alama ya vema kabla hujafika, na pa kukataa pamefichwa nyuma ya maneno kama "chaguo za ziada", kwa herufi za rangi ya kijivu. Naiita hila, na sioni jina la heshima zaidi. Anayeitengeneza anajua kwamba mtu mwenye haraka hasomi, na anapata riziki kwa haraka hiyo.

Tukaenda kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Kisakinishi kilikuwamo, na saa yake. Tukaenda kwenye nyaraka. Siku hiyo hiyo, muda si mrefu baadaye, ilihifadhiwa faili moja tu: katiba ya kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu, iliyogeuzwa kutoka PDF kuwa ya Word ili irekebishwe. Katibu wa kikundi hicho ni mume wangu.

Kijana aliiona kabla yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, tusimwambie."

Nilimwambia tutamwambia, lakini kwanza tuisafishe.

Kuondoa zile programu kwenye orodha lilikuwa jambo jepesi. Ugumu ukaanza kwenye kivinjari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umetekwa na mtambo wa kutafutia ambao hatukuuchagua, na kiendelezi kilichouweka hapo hakikuwa na kitufe cha kukiondolea. Badala yake palikuwa na maelezo kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika letu. Mama mkwe, aliyekuwa akifuatilia kutoka kwenye kochi, akauliza, "Shirika gani? Humu ndani tuna shirika?" Swali lake ndilo lililotuonyesha njia. Mpangilio huo umewekwa kwa ajili ya ofisi na shule, ili mkuu wa mitambo aweze kuwalazimishia wafanyakazi viendelezi fulani. Programu ya matangazo huandika amri hiyo hiyo kwenye rejista, yaani pale Windows inapoweka kumbukumbu za mipangilio yake, na kivinjari hutii kikidhani kina mwajiri.

Kwa kazi hiyo kuna chombo cha bure kiitwacho AdwCleaner, kilichoanza mwaka 2011 na ambacho tangu 2016 kiko chini ya kampuni ya Malwarebytes. Tahadhari ni kwamba ukilitafuta jina lake kwa kutumia kompyuta iliyokwisha tekwa, unaweza kupelekwa kwa vya bandia vyenye jina linalofanana, na hapo umeongeza mgonjwa mwingine. Wifi alikipakua kazini kwake, kwenye tovuti ya wenyewe, akakileta kwa flashi. Kikapekua, kikaorodhesha mabaki, kikafuta, kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Ukurasa wetu wa kwanza ukarudi. Mama mkwe akatoa kashata na kahawa.

Asubuhi mume wangu akaiwasha aandike muhtasari wa kikao, na gurudumu likazunguka tena.

Huo ndio wakati ambao watu wengi hukata tamaa na kumrudia fundi. Kijana hakukata. Aliniambia, na nikaona ana akili kunizidi, kwamba kitu kilichofutwa kikarudi chenyewe lazima kina anayekirudisha, na anayekirudisha lazima ana saa yake ya kufanya hivyo. Windows ina ratiba ya kazi, mahali ambapo programu huagiza jambo fulani lifanyike kila siku au kila mtu anapoingia. Akazisoma kazi hizo moja moja, hakutazama majina kwa sababu majina hudanganya, akatazama kila moja inaita faili gani na faili hilo linakaa wapi. Nyingi zilielekea kwenye folda za Windows au za watengenezaji wanaojulikana. Moja, iliyojipa jina la kusasisha mfumo, ilielekea kwenye folda iliyofichwa ndani ya akaunti ya mume wangu, yenye jina la herufi zisizo na maana. Kila mtu alipoingia, ilikagua kama matangazo yamefutwa, na kama yamefutwa ikayarudisha. Tukaiwasha kompyuta katika hali salama, tukafuta kazi ile na folda yake, tukapitisha AdwCleaner tena. Kisha akagundua kwamba hata alama ya kivinjari kwenye eneo la mwanzo ilikuwa imebandikwa anwani ya tovuti mwishoni mwa njia yake, ifunguke nayo daima. Akaifuta na kuweka mpya.

Zikabaki arifa za pembeni, zile za chini kulia. Hizi hazikutoka kwenye programu yoyote. Ni ruhusa tu. Tovuti hukwambia ubonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe si roboti, au ili video ianze, na ukibonyeza umeipa haki ya kukuletea matangazo hata kama huifungui tena. Kivinjari kina orodha ya waliopewa ruhusa hiyo. Orodha yetu ilikuwa ndefu, na mama mkwe alikiri bila kuulizwa: alikuwa anataka kusikiliza mawaidha. Tulizifuta zote. Wifi akabadilisha maneno ya siri ya barua pepe zake, nami zangu.

Siku hizo nilisoma habari za Mmarekani mmoja, Ethan Zuckerman, na sijazisahau. Katika miaka ya 1990 alikuwa akifanya kazi Tripod, tovuti ambako watu walijitengenezea kurasa zao. Kampuni moja ya magari ilikasirika kukuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Yeye akaandika programu ya kulifungua tangazo katika dirisha lake peke yake, lisionekane kuwa sehemu ya ukurasa. Mwaka 2014, katika jarida la The Atlantic, aliomba radhi hadharani, akieleza kwamba nia yao ilikuwa njema. Dirisha lililobuniwa kulitenga tangazo na uchafu ndilo lililotuletea uchafu katikati ya posa.

Nilimsomea mume wangu habari hiyo kwanza. Kisha nikamwekea mbele yake tarehe ya Machi, kisakinishi, na katiba ya kikundi. Alizitazama kwa muda mrefu. Ni mtu mkali lakini si dhalimu. Akainuka kwenda chumbani kwa mtoto. Mama mkwe akamzuia mlangoni. "Ulimvunjia heshima mbele za watu," akamwambia, "na radhi utamwomba mbele za watu."

Nami namuunga mkono mama mkwe bila kupunguza neno. Tumezoea kwamba mzazi akikosa humnunulia mtoto soda na mambo yakaisha. Lakini wale wazee walirudi kwao na picha ya kijana wetu vichwani mwao, na picha hiyo isingefutwa kwa maneno yaliyosemwa chumbani. Walipoleta mahari, mume wangu alisimama kabla ya kufunguliwa mkoba, akawaambia: matangazo mliyoyaona niliyaingiza mimi, kwa kupakua kitu bila kusoma, na nikamdhulumu mwanangu. Mzee yule aliyekohoa siku ya posa akasema hata kwake yapo hayo hayo, na kwamba tangu siku ile amekuwa akimtazama mjukuu wake kwa jicho baya. Akamwomba kijana aende akatazame. Alikwenda kesho yake, na orodha ya hatua aliyoiandika kwa mkono.

Sasa kila mtu nyumbani ana akaunti yake ya kawaida, isiyoweza kusakinisha kitu. Akaunti ya msimamizi ni moja, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyeamua neno lake la siri akae nalo kijana. Mwezi uliopita kikundi kilinunua printa, na printa inahitaji programu yake. Katibu ilibidi angoje Jumapili, patroni anaporuhusu wanafunzi kuongea na wazazi. Nilikuwa karibu, simu iko kwenye spika. Baada ya salamu kijana akauliza, "Baba, umeipakua wapi?" Baba yake akamsomea anwani ya tovuti, herufi kwa herufi, naye akamwambia airudie tena kuanzia mwanzo.